Dawa Iliyowafanya Wagonjwa Wacheze

Nakala ya kipindi cha redio: Historia na Afya
Kwa vikundi vya usikilizaji kambini

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA POLEPOLE.]

MTANGAZAJI: 

Kipindi cha leo kimeletwa na swali. Msikilizaji mmoja, baba wa makamo, alinisimamisha njiani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kijana wangu, ni kweli vidonge vya kifua kikuu vinaharibu akili? Jirani yangu ameanza kuvificha chini ya godoro. Anasema tangu aanze kuvimeza hana raha."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilipokwenda kutafuta nilikuta habari ambayo sikuitarajia: dawa ya kwanza ya kisasa ya kutibu sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ilizaliwa kutoka kwenye dawa ya kifua kikuu. Ni ndugu wawili waliotoka nyumba moja. Mmoja alikuja Afrika Mashariki na bado yupo, pengine yumo mfukoni mwako sasa hivi. Mwingine jina lake hulisikii kliniki. Leo nakusimulia habari za hao ndugu wawili, kisha tutarudi kwa yule jirani na vidonge vyake vilivyo chini ya godoro.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA KWANZA: MPAKANI

Kwanza twende Busia.

Kama hujafika, Busia ni mji mmoja ulio katika nchi mbili. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na katikati umepita mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauunganisha na eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Wasamia na Iteso wakajikuta wako pande zote mbili, shangazi huku na mpwa kule. Ukielekea kaskazini unakuta kivuko kingine, Malaba. Ukiingia ndani upande wa Uganda unafika Tororo, mji wenye mwamba mkubwa ambao msafiri huuona kabla hajaziona nyumba.

Watu wamekimbia wakipita hapa mara nyingi, na kwa pande zote. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, Waganda wengi walivuka kuingia Kenya. Kisha ikaja zamu ya Wakenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ilimwagika Kenya, na mwanzoni mwa 2008 maelfu walivuka Malaba na Busia kuingia Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, katika wilaya ya Tororo. Baadaye mwaka huohuo, wale ambao hawakurudi nyumbani walihamishiwa Kiryandongo.

Sasa fikiri. Mtu anayevuka mpaka usiku hubeba nini? Mtoto. Blanketi. Sufuria ikiwezekana. Simu kama ina chaji. Ni wangapi hukumbuka kubeba kadi ya kliniki, ile karatasi inayosema umepewa dawa gani, tangu lini, na dawa gani ilikudhuru?

Liweke swali hilo pembeni. Mwisho wa kipindi tutalihitaji.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA PILI: WODI YA WALIOKATIWA TAMAA

Sasa tuvuke bahari. Tuko New York, Marekani, mwaka 1951. Kwenye kisiwa cha Staten kuna hospitali iitwayo Sea View, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Watu hupelekwa huko na wengi hawarudi. Wauguzi weupe wamekuwa wakiacha kazi kwa kuogopa kuambukizwa, na walioshika nafasi zao ni wanawake Wamarekani weusi, wengi wao wametoka majimbo ya kusini ambako ubaguzi uliwafungia milango ya hospitali. Hao ndio waliowalisha, waliowaogesha na waliokaa na wanaokufa.

Wakati huo kampuni ya Hoffmann-La Roche ilikuwa na dawa mbili mpya za majaribio. Ya kwanza ni isoniazidi. Kemikali yake ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mjini Prague mwaka 1912, lakini kwa karibu miaka 40 hakuna aliyejua kwamba inaua vijidudu vya kifua kikuu. Ya pili ni ndugu yake, iproniazidi, ambayo ni isoniazidi iliyobadilishwa umbo kidogo. Madaktari Edward Robitzek na Irving Selikoff waliwapa dawa hizo wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa kabisa.

Homa zikashuka. Watu waliokuwa mifupa mitupu wakaomba chakula, wakaongezwa na bado wakaomba. Na kukatokea jambo jingine, zaidi kwa waliopewa iproniazidi. Walichangamka. Waliokuwa wamelala wakitazama ukuta walianza kutaniana, kugombana kidogo, kupanga maisha. Mwaka 1952 magazeti yalichapisha habari za wagonjwa wa Sea View wakicheza kwenye ukumbi wa wodi, watu ambao miezi michache kabla yake walikuwa wanangoja kufa.

Unaweza kusema, ndugu msikilizaji: si ajabu, mtu aliyepona lazima afurahi. Ndivyo wengi walivyodhani wakati ule. Lakini furaha nyingine ilipita kiasi. Wapo ambao mapafu yao yalikuwa bado mabovu na wao wamechangamka hivyohivyo. Wapo waliokosa usingizi, waliotetemeka, waliopagawa. Kwa madaktari wa kifua hayo yalikuwa madhara ya dawa, jambo la kulalamikia. Ilibidi watu wengine wayatazame kwa jicho jingine.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA TATU: MFAGIAJI WA SOKO

Ili uelewe kilichokuwa kikitendeka ndani ya vichwa vya wale wagonjwa, turudi sokoni Busia jioni.

Mchana kutwa bidhaa zimepita: nyanya, omena, ndizi, mitumba. Jioni wauzaji wanafunga, na vilivyoanguka chini vinabaki. Anakuja mfagiaji. Anazoa, anachoma. Kesho soko ni safi. Bila mfagiaji soko lingejaa.

Ubongo wako nao una mfagiaji. Seli za neva hupashana habari kwa kurushiana kemikali ndogondogo. Majina yake ni serotonini, noradrenalini na dopamini. Zinahusika na usingizi, hamu ya kula, nguvu ya kuanza jambo, na kuona raha. Kazi ikiisha, kemikali hizo huondolewa, na mmojawapo wa waondoaji ni kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, kwa kifupi MAO. Kimeng'enya ni kitu ambacho mwili hukitengeneza ili kuharakisha kazi fulani, kama vile mate yanavyoanza kuvunjavunja ugali mdomoni.

MAO iligunduliwa mwaka 1928 na mwanamke kijana, Mary Hare, aliyekuwa akifanya utafiti Cambridge, Uingereza. Aliikuta kwenye ini, ikivunja kemikali moja iitwayo tiramini. Likumbuke jina hilo, tiramini. Litarudi, na litarudi na msiba.

Mwaka 1952 mtafiti Albert Zeller na wenzake, huko Chicago, waligundua kwamba iproniazidi humzuia mfagiaji huyo. Inamfunga mikono. Kemikali zinabaki nyingi zaidi kati ya seli. Ndugu yake isoniazidi hana nguvu hiyo isipokuwa kidogo sana. Ndiyo sababu wale wa iproniazidi ndio waliochangamka kupita kiasi.

Sipendi ubebe picha hii kupita uwezo wake. Sonona si upungufu wa kemikali moja kama sufuria iliyopungukiwa chumvi. Kemikali hubadilika mapema baada ya mtu kuanza dawa, lakini nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na wanasayansi wanaendelea kuchunguza njia iliyo katikati. Kilicho wazi ni kwamba kwa wagonjwa wengi dawa ilisaidia.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA NNE: MIAKA MICHACHE YA SIFA

Aliyeitoa iproniazidi kwenye wodi ya kifua na kuipeleka kwenye wodi ya akili ni daktari Nathan Kline wa Rockland, jimbo la New York. Yeye na wenzake Harry Loomer na John Saunders waliwapa wagonjwa wenye sonona na wengine waliojifungia katika ukimya, na mwaka 1957 wakatangaza matokeo: wengi wamepata nafuu. Mwaka huohuo, nchini Uswisi, Roland Kuhn alitangaza dawa nyingine ya sonona inayofanya kazi kwa njia tofauti, imipramini. Kabla ya hapo, aliyekuwa na sonona kali alikuwa na mapumziko, maombi, dawa za usingizi au umeme wa kichwani. Sasa ghafla kukawa na vidonge.

Kuna jambo hapa linalowagusa ninyi mliotoka Kongo. Kabla ya iproniazidi, Kline huyohuyo alijulikana kwa kutumia resepini, dawa ya kutuliza iliyotokana na mizizi ya mti wa India wa jamii ya Rauvolfia. Mti wa jamii hiyohiyo hukua katika misitu ya Kongo, na kwa miaka mingi magamba ya mizizi yake yalisafirishwa kwenda viwanda vya ng'ambo. Wanyama wa maabara waliopewa resepini walizubaa. Waliopewa iproniazidi kwanza, kisha resepini, hawakuzubaa, wakawa macho. Jaribio hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyompa Kline wazo. Kwa hiyo mizizi ambayo waganga wa jadi waliijua tangu zamani ina sehemu yake katika habari hii.

Iproniazidi ilikuwa bado inauzwa kama dawa ya kifua kikuu. Lakini inakadiriwa kwamba katika mwaka mmoja baada ya tangazo la Kline, watu 400,000 wenye sonona waliipewa. Soma tena tarakimu hiyo. Watu 400,000, kwa dawa ambayo hakuna aliyejua itawafanyia nini baada ya miaka miwili.

Na madhara yakaja. Baadhi ya wagonjwa macho yaligeuka manjano. Ini lilikuwa limeumia, na wapo waliokufa. Mwaka 1961 iproniazidi iliondolewa sokoni Marekani. Wakati huo dawa nyingine za kundi hilo zilikwisha kutokea, kama fenelizini na tranilsipromini. Zilionekana salama zaidi kwa ini, na watu wakaendelea.

Kisha likaja la jibini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari walipokea habari za wagonjwa wanaotumia dawa hizi kupata ghafla maumivu makali ya kichwa, moyo kupiga kwa nguvu, shinikizo la damu kupanda vibaya. Wengine walivuja damu kichwani wakafa. Nchini Uingereza mfamasia mmoja wa Nottingham aliandika kueleza kwamba mkewe hupata kichwa hicho kila alapo jibini. Wakubwa wengine walicheka. Daktari kijana Barry Blackwell, wa hospitali ya Maudsley mjini London, hakucheka kwa muda mrefu. Alifuatilia, akauliza wagonjwa walikula nini, na mwaka 1963 akachapisha jibu: mfamasia alikuwa sahihi.

Sasa lile jina linarudi: tiramini, kemikali ileile ya Mary Hare. Jibini lililokaa lina tiramini nyingi. Kwa kawaida haikudhuru, kwa sababu MAO haifanyi kazi kichwani tu. Iko pia kwenye utumbo na ini, imekaa kama ofisa wa forodha pale mpakani: tiramini ikifika inakamatwa na kuvunjwa kabla haijaingia kwenye damu. Ukimeza dawa inayoizuia MAO, ofisa amefungwa mikono. Tiramini inapita bila kukaguliwa, na shinikizo la damu linapanda.

Jawabu lilikuwa limeandikwa tangu 1928. Hakuna aliyelisoma kwa jicho la mgonjwa mpaka watu walipokufa. Na aliyeliona mapema alikuwa mume aliyemwangalia mkewe mezani.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA TANO: NA HUKU KWETU?

Wakati hayo yakitendeka, huku kwetu mambo yalikuwaje?

Mtu wa Busia au Tororo aliyepatwa na ugonjwa wa akili katika miaka hiyo alikuwa na hospitali mbili kubwa za kufikiria, na zote mbali. Upande wa Kenya ni Mathari, Nairobi. Upande wa Uganda ni Butabika, Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955. Wengi hawakupelekwa popote isipokuwa walipokuwa wakali au hatari. Mtu aliyenyamaza, aliyeacha kulima, aliyelala akitazama ukuta, huyo hakumsumbua mtu. Alibaki nyumbani.

Na kulikuwa na kikwazo kingine, cha kwenye karatasi. Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 1953. Ndani yake alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaeleza kwamba ubongo na malezi ya Mwafrika havimfikishi kwenye huzuni ya aina hiyo. Angalia mwaka: 1953, mwaka mmoja baada ya wagonjwa wa Sea View kucheza. Dunia ilipokuwa inakaribia kupata kidonge cha sonona, kitabu kilisema sisi sonona hatunayo.

Madai hayo hayakusimama. Madaktari Waafrika, kama Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, waliyapinga. Na mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda: waliwauliza wanakijiji maswali yaleyale waliyoulizwa wanawake wa London kusini. Sonona ilikuwepo, na ilikuwa nyingi zaidi kuliko London. Kumbe Waafrika walikuwa na huzuni hiyo siku zote. Ni kwamba waliopimwa awali walikuwa wale tu waliofika hospitalini kwa nguvu.

Sasa ndugu wa kwanza, isoniazidi. Huyu alikuja na akakaa. Ni dawa ya bei nafuu na ina nguvu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Kenya, Uganda na Tanganyika zilishiriki katika majaribio makubwa ya tiba ya kifua kikuu pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Zamani mgonjwa alitakiwa kumeza dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba dawa zikipangwa vizuri, miezi 6 inaweza kutosha. Tiba ya miezi 6 ambayo dunia inaitumia leo ina mizizi hapa, katika mapafu ya watu wa huku waliokubali kujaribiwa.

Ukiona kwenye pakiti ya dawa za kifua kikuu herufi RHZE, au RH, hiyo H ndiyo isoniazidi. Ndugu wa iproniazidi yuko mkononi mwako.

Na dawa za kuzuia MAO je? Orodha ya dawa muhimu ya WHO, ambayo serikali na mashirika huitazama yakinunua dawa za kambi, ina dawa za sonona kama amitriptilini na, tangu 2007, fluoksetini. Dawa za kuzuia MAO kwa sonona hazimo. Sasa unajua sababu. Mtaalamu akimpa mgonjwa dawa hizo lazima ajue kila anachokula na kila anachomeza. Ajue pombe ya kienyeji: ukialikwa kwenye chungu cha ajono huko Teso, mirija imesimama na wazee wamekaa duara, usingeweza kunywa. Ajue samaki mkavu aliyekaa siku nyingi, nyama iliyoanza kuchacha, dawa za mafua za dukani, dawa ya maumivu ya tramadoli. Na ajue yaliyopita: aliyekuwa anatumia fluoksetini hutakiwa kungoja karibu wiki 5 kabla ya kuanza dawa ya kuzuia MAO.

Dawa ya namna hiyo inamtaka mgonjwa awe na kadi, awe na jiko lake, awe na daktari mmoja anayemjua. Kwa maneno mengine, inamtaka mtu ambaye hajakimbia. Mkimbizi hachagui chakula chake. Hula mgao unaotolewa na kinachopatikana. Kadi yake imebaki ng'ambo ya mpaka.

Katika nchi tajiri dawa hizi bado zipo, kwa wagonjwa wachache ambao nyingine hazikuwasaidia, na wapo wanaosema ndizo zilizowarudishia uhai. Si dawa mbaya. Ni dawa inayotaka kujuliwa habari zako zote.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA SITA: DAWA ISIYOHITAJI KADI

Kuna tiba nyingine ambayo Uganda imeionyesha dunia, na haimo ndani ya pakiti.

Kati ya 2000 na 2002 watafiti walikwenda wilaya za Rakai na Masaka, ambako UKIMWI ulikuwa umeua watu wengi. Kabla ya kutibu waliuliza: huzuni hii ninyi mnaiitaje? Wenyeji wakawapa maneno mawili ya Kiganda. Moja ni okwekyawa, kujichukia. La pili ni okwekubagiza, kujihurumia na kujililia. Wakayatumia maneno hayo. Katika vijiji 30, baadhi vilipewa vikundi vya mazungumzo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Hawakuwa madaktari.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliokuwa na dalili za sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi walishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Mwaka 2007 yakatoka matokeo mengine, ya vijana katika kambi mbili za waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda. Huko vikundi viliwasaidia hasa wasichana. Na mwaka 2016 WHO ilichapisha mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi ili kila nchi iutumie.

Kwa hiyo ukimwona mtoa huduma kambini akiwaketisha watu duara na kuwauliza nini kilibadilika maishani mwao, usiseme "ni maneno tu, hakuna dawa". Ni tiba iliyopimwa, na ilipimwa kwa watu kama mimi na wewe.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA SABA: VIDONGE CHINI YA GODORO

Sasa turudi kwa yule jirani.

Baba, uliyeniuliza njiani, kama unanisikia, mwambie hivi. Vidonge vya kifua kikuu haviharibu akili kama watu wanavyosema. Ni kweli kwamba isoniazidi huwasumbua baadhi ya watu: ganzi na kuchomachoma miguuni, na mara chache kuchanganyikiwa. Kwa ganzi kuna vitamini B6, ambayo wengi hupewa pamoja na dawa. Macho yakiwa manjano, au tumbo likikataa chakula kabisa, aende kliniki siku hiyohiyo. Lakini huzuni yake huenda ina chanzo kingine: ugonjwa wenyewe, watu kumtenga, aliyoyaacha nyumbani. Hiyo nayo hutibiwa, huku akiendelea na vidonge. Akiviacha nusu njia, vijidudu vinaweza kuzoea dawa na anaweza kupata kifua kikuu sugu, na kuwaambukiza watoto wake huohuo usugu.

Na wewe uliye na kifua kikuu sugu, sikiliza kwa makini. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza tiba ya miezi 6 yenye dawa iitwayo linezolidi. Linezolidi ni ya kuua vijidudu, lakini nayo humzuia yule mfagiaji, MAO, kwa kiasi. Ikikutana mwilini na fluoksetini, amitriptilini au tramadoli, inaweza kuleta hatari: kutetemeka, jasho jingi, homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Usiache dawa yoyote kwa sababu umenisikia. Mwambie muuguzi dawa zote unazotumia, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Yeye ndiye atakayepanga.

Ndiyo maana nilikuomba uliweke pembeni lile swali la kadi. Wengi wetu tunavuka. Tunavuka Busia kununua dawa upande wenye bei nafuu, tunahama kambi, tunarudi nyumbani, tunakimbia tena. Mpakani ofisa hukuuliza umebeba nini. Mwilini mwako hakuna wa kukuulizia, ila wewe mwenyewe. Basi fanya hivi: chukua karatasi, andika majina ya dawa zako kama yalivyo kwenye pakiti, na tarehe uliyoanza. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule atakuandikia. Ipige picha kwa simu. Ifunge kwenye nailoni pamoja na kadi ya mgao. Siku ya kuondoka haraka, itakuwa pamoja na vile ambavyo huwezi kuviacha.

Na kama huzuni imekulemea hadi unafikiria kufa, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu leo: jirani, mhudumu wa afya wa mtaa wako, kiongozi wa dini, yeyote unayemwamini. Na wewe utakayeambiwa, usimkaripie. Kaa naye, kisha mpelekeni pamoja.

Yule mume wa Nottingham hakuwa profesa. Alimtazama mkewe, akaona, akasema, hata walipomcheka. Basi mtazame jirani yako. Ukiona vidonge chini ya godoro, sema naye.

Mimi ni mtangazaji wako. Tukutane kipindi kijacho.

[MUZIKI WA KUFUNGA]

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika lugha yako ya nyumbani, sonona inaitwaje? Je, jina hilo linamlaumu mgonjwa au linamsaidia?
2. Kwa nini mtu huficha dawa badala ya kumwambia muuguzi kwamba zinamsumbua? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini?
3. Kila mmoja ataje dawa anazotumia sasa, kama yuko tayari. Nani ana karatasi ya majina yake? Asiyenayo, aandikiwe leo kabla kikundi hakijatawanyika.